FUNDI NAYE NI MWALIMU: TUMWULIZE KWA HESHIMA



Kila mwaka ifikapo Juni na Julai, baridi ya Nyanda za Juu za Kusini huingia majumbani bila kubisha hodi. Njombe mjini, mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, watu huamka wakipuliza viganja. Makete, kwenye uwanda wa Kitulo ulio juu zaidi, asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa sakitu. Hapo ndipo kila mwenye nyumba hukumbuka moto. Mwenye jiko la mkaa huliingiza ndani. Aliyejaliwa kidogo huanza kufikiria kujenga sebuleni meko ya kuotea moto, yenye dohani ya kutoa moshi juu ya paa. Mwenye umeme hununua hita dukani. Na hawa wote, mapema au baadaye, humtafuta fundi.

Leo twataka kusema juu ya namna tunavyomtafuta fundi huyo, na namna tunavyomwomba shauri. Wapo watakaosema kuwa jambo hili ni dogo mno kwa gazeti la Chama. Sisi twasema si dogo. Ndani yake mna roho za watu. Tena ndani yake mna swali kubwa: je, tumeacha kweli ile tabia ya kuwagawa watu, huku wenye kalamu na huku wenye mwiko?

Katika kuzunguka kwetu matawini tumeona mambo manne ambayo hayafai kabisa.

La kwanza ni la "njoo uangalie mara moja tu." Fundi huitwa aache kazi yake, apande kilima kwa miguu au alipe bodaboda kwa fedha yake. Akifika hupima ukuta, hupanda darini, huuliza upepo wavuma kutoka wapi, kisha hueleza kwa kirefu nini kifanywe na kwa nini. Mwenye nyumba husikiliza, hutikisa kichwa, husema "asante fundi, tutaonana." Hawaonani tena. Maneno ya fundi yamechukuliwa yakapewa mpwa wa mwenye nyumba, ambaye hajawahi kujenga dohani hata moja, ayafanye kwa bei ya chai. Huu ni wizi. Mtu hakuchukua nyundo wala timazi ya mwenziwe, lakini amechukua kilichomgharimu miaka kumi kukipata.

La pili ni la kumwuliza fundi hali umekwisha kukata shauri. Mtu ameona picha ya meko katika simu, ameipenda, na sasa anataka fundi aseme "naam, mzee." Fundi akisema "hapana, pale haifai," hukunjiwa uso. Huambiwa hajui mambo ya kisasa. Huyo hakuhitaji shauri. Alihitaji shahidi wa kumwunga mkono.

La tatu ni la kumficha fundi ukweli. Fundi haambiwi kwamba nyuma ya ubao wa dari kuna kenchi za mbao kavu. Haambiwi kwamba chumba kile kitalala watoto. Haambiwi fedha iliyopo ni kiasi gani. Kisha kazi ikiharibika, lawama zote huwa juu yake.

La nne ni la kuwapambanisha mafundi kama majogoo. Huitwa watatu, kila mmoja kwa saa yake, na kila mmoja huambiwa maneno ya uongo juu ya bei ya mwenziwe, mpaka apatikane aliye na njaa kuliko wote. Kuuliza watu watatu si kosa. Mtu mwenye busara hulinganisha. Kosa ni kudanganya, na kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba aliyeshusha bei mno hatashusha kitu kingine pia.

KILICHOMO KATIKA NUSU SAA

Wengi husema, "Mbona fundi ameangalia kwa nusu saa tu, anadai fedha ya nini?" Basi tueleze kidogo kilichomo katika nusu saa hiyo, ili msomaji apime mwenyewe.

Moto wa ndani ni hesabu. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo hupanda. Na inapopanda ndani ya dohani huvuta nyingine nyuma yake. Mvuto huo ndio unaotoa moshi nje. Ukipungua, moshi hurudi sebuleni. Mafundi wa meko wana kipimo chao cha zamani: eneo la tundu la dohani liwe takriban sehemu 1 kwa 10 ya eneo la mdomo wa meko. Tuseme mdomo wa meko una upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Eneo lake ni sentimita za mraba 3,600. Tundu la dohani basi lataka sentimita za mraba 360, yaani kama sentimita 19 kwa 19. Sasa aje mwenye nyumba aseme, "Fundi, tumia lile bomba la inchi 4 lililobaki, tuokoe fedha." Bomba hilo lina eneo la sentimita za mraba zisizozidi 80 hivi. Haifikii hata robo ya kinachotakiwa. Fundi anapokataa bomba hilo hafanyi kiburi, wala hatafuti faida dukani. Anajua hesabu, japo pengine hakuifunza ubaoni.

Tena anajua kwamba dohani haina budi kupita kilele cha paa, maana ikiishia chini yake upepo unaovuka paa huusukuma moshi urudi ndani. Anajua kwamba kona nyingi ndani ya dohani hupunguza mvuto na hukusanya masizi, na masizi yakizidi huweza kushika moto humo humo. Anajua kwamba mahali penye moto wenyewe saruji tupu hupasuka, na kwamba huko hutakiwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Anajua kuacha nafasi kati ya matofali ya dohani na mbao za kenchi, maana mbao iliyokaushwa na joto mwaka hata mwaka siku moja huwaka.

Na fundi umeme naye ana yake. Hita ya wati 2,000 katika umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Waya mwembamba uliovutwa kwa ajili ya taa haukuwekwa kwa mzigo huo. Huchemka ndani ya ukuta ambamo hakuna anayeuona. Ndiyo sababu kazi hiyo yataka fundi mwenye leseni, wala si kijana yeyote aliyewahi kubadilisha balbu.

Hayo yote fundi huyaangalia katika nusu saa. Nusu saa ile ni fupi kwa sababu miaka ya kujifunza ilikuwa mirefu. Angekuwa mwanagenzi wa jana, angeangalia kutwa nzima asione kitu. Wazee walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

"HAPANA" YA FUNDI

Kuna neno moja la fundi ambalo twaomba liheshimiwe kuliko mengine yote, nalo ni "hapana."

Nyumba ya bibi zetu ilikuwa na paa la nyasi. Moto uliwaka katikati, moshi ukapenya polepole juu, hewa ikaingia kwa kila upenyo. Moshi ule uliumiza macho na vifua, lakini nyumba ilipumua. Nyumba zetu za leo zina bati, dari, madirisha ya vioo, na usiku wa baridi hata upenyo wa chini ya mlango huzibwa kwa matambara. Nyumba hiyo haipumui. Kuliingiza humo jiko la mkaa, kwa kuwa bibi naye aliota moto ndani, ni kufuata desturi bila kuangalia kwamba nyumba imebadilika.

Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mkaa hautoi moshi mwingi, kwa hiyo mtu hudhani amesalimika. Kumbe hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, ikazuia oksijeni kufika mwilini. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, kichefuchefu, halafu usingizi. Aliyelala haamki. Habari za familia zilizokutwa asubuhi hazina uhai, na jiko katikati ya chumba, si ngeni masikioni mwetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu itokayo kwenye mioto ya majumbani ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani, wengi wao wakiwa wamevuta moshi wa kupikia kwa miaka mingi. Huo huua polepole. Mkaa wa chumbani huua usiku mmoja.

Basi fundi anaposimama mlangoni na kusema, "Mzee, jiko hili lisilale ndani," au "Mama, meko haya bila dohani sitayajenga," tukumbuke kwamba neno hilo linamgharimu. Angesema "ndiyo" angelipwa. Amesema "hapana," na huenda ataondoka mikono mitupu, na kesho yake akasikia kwamba mwingine amekubali. Mtu anayekubali kukosa mkate wake ili watoto wa mwenziwe wasife ni mtu wa kuamkiwa kwa heshima. Je, sisi humpa nini? Humcheka, na kumwambia ana woga.

DHARAU HII ILITOKA WAPI?

Wakati wa ukoloni, Wajerumani na baadaye Waingereza walijijengea katika nyanda hizi za baridi nyumba zenye meko na dohani, kwa kuwa waliijua baridi kwao. Lakini nani aliyefyatua matofali yale, akayachoma na kuyapanga? Ni mikono ya Mwafrika. Jina la bwana lilibaki katika kumbukumbu za boma. Jina la fundi halikuandikwa popote, ila dohani yake ndiyo inayosimama.

Na shuleni mtoto alifundishwa kwamba mwenye akili hupanda kuwa karani, na aliyeshindwa ndiye apelekwe kwenye kazi ya mikono. Mwalimu Nyerere alilisema hilo wazi mwaka 1967 katika "Elimu ya Kujitegemea," alipoeleza kwamba elimu ya kikoloni ilikusudiwa kuwapatia wakoloni makarani na maofisa wadogo. Ukoloni ulikwisha Tanganyika mwaka 1961. Makarani wa akilini mwetu hawajastaafu. Hata leo, ijapokuwa sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA ili vijana wafunzwe ufundi kwa utaratibu, bado wazazi husema juu ya mtoto, "Masomo yamemshinda, bora akajifunze ufundi." Akija mtoto huyo kesho kuwaeleza juu ya dohani, watamsikiliza vipi?

Nasi tuliosomea ualimu twaomba wasomaji waliangalie neno lenyewe. Fundi, kufunda, kufundisha, mwanafunzi: maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Lugha yetu haikumwita mtu huyu kibarua wala mtumwa. Ilimwita kwa jina la mwenye maarifa na mwenye kuyatoa. Waliojenga Husuni Kubwa kule Kilwa katika karne ya 14, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, walikuwa mafundi. Na katika nembo ya taifa letu mna shoka na jembe, zana za mikono. Kalamu haimo. Hatusemi hivyo kuidharau kalamu, kwani sisi wenyewe twaishika sasa hivi. Twasema tu kwamba waliolijenga taifa walijua kazi ya mikono ni kazi ya akili pia.

NA MAFUNDI NAO?

Twasikia msomaji akisema, "Nyinyi mwawasifu, lakini mafundi mnawajua? Hupokea advansi wakapotea. Husema kesho, na kesho yao haina jua." Kweli tupu. Wapo wa namna hiyo, nao wanawaharibia wenzao jina. Hatutawatetea.

Lakini tuulize sababu. Mtu ambaye shauri lake hunyang'anywa bure hujifunza kulificha. Mtu ambaye hulipwa nusu na kuzungushwa miezi mitatu hujifunza kudai advansi kubwa na kushika kazi tano kwa pamoja ili asife njaa. Dharau huzaa ujanja, na ujanja huzaa dharau zaidi, na katikati yao nyumba hubaki imejaa moshi. Mduara huu hautakatika kwa upande mmoja tu kulaumu mwingine.

Kwa hiyo twawaambia mafundi nanyi: semeni "sijui" pale msipojua, kwani fundi wa matofali si lazima ajue umeme. Elezeni sababu ya kila mnalotaka, bila kumficha mtu kwa maneno ya kifundi. Msimtukane fundi aliyetangulia kabla hamjajua aliambiwa afanye nini. Mkiahidi siku, ije siku hiyo. Na vijana wenu, wale saidia fundi wanaobeba zege kutwa, wafundisheni kazi, msiwatumie kama mikokoteni.

Wala heshima tunayoidai si ya kumwogopa fundi. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza kwa nini, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ana haki ya kuomba kuonyeshwa kazi ambayo fundi amekwisha kuifanya kwingine, na kumwuliza mwenye nyumba ile kama moshi unatoka. Fundi wa kweli hufurahi akiulizwa vizuri. Anayekasirikia maswali ndiye wa kutiliwa shaka.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo haya, nayo hayahitaji bajeti ya serikali.

Unapomwita fundi aje kutazama, mwulize kwanza gharama ya safari na muda wake, uilipe siku ile ile, hata kama kazi hutampa. Akija, msalimu kama unavyomsalimu mwalimu wa mwanao. Kamwene haina gharama. Mpe kiti, kisha mwambie ukweli wote: chumba cha nani, dari ya nini, kuni za miwati au mkaa, na fedha iliyopo. Fedha ikiwa kidogo fundi aweza kukuonyesha cha kuanza nacho na cha kungoja mwakani, lakini hawezi kupanga juu ya fedha ya kubuni.

Msikilize mpaka amalize. Andikeni mliyokubaliana, vipimo, vifaa, bei na siku, kila mmoja abaki na nakala. Ukiamua kumpa kazi mtu mwingine, mwambie waziwazi. Usimwache akingoja simu. Na kazi ikiisha vizuri, mlipe yote siku hiyo, halafu mtaje kwa jirani. Sifa ya kweli ni sehemu ya ujira.

Twageuka sasa kwa wenzetu viongozi wa matawi, maana fimbo haifai kuwapiga wengine tu. Ofisi za Chama nazo hujengwa na kukarabatiwa na mafundi. Haifai fundi aliyetengeneza paa la tawi akaambiwa "hii ni kazi ya kujitolea" baada ya kuimaliza, hali hakuambiwa kabla. Kujitolea ni kwa hiari, na hiari huulizwa mwanzo. Kila tawi la nyanda za baridi na limwalike fundi wa meko na fundi umeme katika mkutano mmoja kabla ya Juni, limlipe nauli, limpe nafasi ya mbele, awaeleze wanachama juu ya jiko la mkaa na hewa yake. Asikae nyuma karibu na mlango akingoja kuitwa kurekebisha kipaza sauti.

Wazee wetu walipoupata uhuru walisema Uhuru na Kazi. Kazi haiheshimiwi kwa kuimbwa mkutanini. Huheshimiwa pale mlangoni kwako, fundi anapofuta miguu, anapoangalia ukuta wako, na anapokuambia neno usilopenda kulisikia. Msikilize, mlipe, na usiku wa leo jiko la mkaa litoke nje kabla watoto hawajalala.